Bunduki Isiyokosa

Kabla sijasema lolote, nijulikane kwanza. Mimi ni fundi wa televisheni za kichogo, zile nzito zenye mgongo mrefu, ambazo mtu akikupa bure lazima akupe na watu wawili wa kubeba. Shule niliiacha darasa la sita. Niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe, na bado mtaa mzima unaniita Profesa. Kuna watu vyeti vyao vimejaa kabati, lakini televisheni ikitoa moshi wanakimbilia kwangu. Nikitega sikio kwenye kichogo nakwambia kilichoungua kabla sijalegeza skrubu hata moja. Siku moja nilitengeneza televisheni kwa simu. Mwenyewe yuko hai, kamuulize.

Nakueleza haya ili ujue kwamba kisa hiki hakisimuliwi na mtu wa kushtushwa na kioo. Kilimpata mdogo wangu wa kike, tumbo moja, ziwa moja. Mengine huwa naongeza chumvi, nakubali. Hiki sikiongezi kitu. Natamani ningeweza kukipunguza.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, jua la kukausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Nilikwenda kwa mdogo wangu na begi langu la kazi, kwa sababu mumewe alikuwa amenipigia simu mara nne tangu asubuhi. Mumewe ni kinyozi. Mimi namwita shemeji na yeye ananiita shemeji, hivyo ukitusikia tukigombana hujui nani kamtukana nani.

Kinyozi alikuwa amenunua gemu ya zamani kwa watu waliokuwa wanahama haraka. Mashine yenyewe, kaseti moja, na bunduki ya plastiki ya kijivu yenye waya mrefu na kifyatulio chekundu. Televisheni ya kichogo walimwongezea bila hata kuombwa, kwa sababu bunduki za namna ile hazifanyi kazi kwenye televisheni bapa za siku hizi. Kwa nini hazifanyi? Nitakueleza, na tafadhali usiruke hapa.

Watu hudhani bunduki ya gemu inatoa kitu. Haitoi. Inapokea. Ndani ya mtutu kuna jicho. Ukibonyeza kifyatulio, kioo chote kinakuwa cheusi kwa muda mfupi kuliko kupepesa, halafu pale alipo adui panawaka kipande cheupe. Jicho likiona ule weupe, umepiga. Likiona weusi, umekosa. Basi. Bunduki ile haipigi mtu. Inamwangalia.

"Shemeji, hii takataka hailengi," Kinyozi aliniambia hata kabla sijavua kofia. "Napiga kifuani kabisa, inasema nimekosa."

"Takataka ni macho yako. Juzi ulininyoa upande mmoja ukashuka kuliko mwingine."

"Kichwa chako ndicho kimepinda, Profesa. Mimi nilifuata ramani."

Mdogo wangu alicheka kutoka jikoni. Alikuwa na mimba ya miezi tisa kasoro siku chache, ya kwanza, na tumbo lilikuwa limetangulia mbele kiasi kwamba akiingia chumbani lilifika kwanza, yeye akafuata.

Nilikaa nikaitazama gemu yenyewe. Ilikuwa nyumba moja ya ghorofa yenye madirisha tisa, matatu kwa matatu. Dirisha linafunguka, jambazi wa kofia anachungulia. Una risasi tatu. Ukimpiga, kengele inalia, ting, anadondoka ndani na mbao zinajipigilia dirishani. Dirisha hilo halifunguki tena. Ukimkosa mara tatu, anaruka nje na kukimbia zake huku muziki ukikucheka. Usipompiga kabisa, anajirudisha ndani, halafu baadaye anachungulia tena. Chini ya nyumba, barabarani, kulikuwa na kizee na mkokoteni wake. Kilipita, kikatokomea kuliani mwa kioo, na papo hapo kikaingia tena kushotoni. Kikapita tena. Hivyo hivyo, bila kufika popote. Nilikicheka sana kile kizee.

Nikafungua bunduki. Kwa fundi wa kawaida ingekuwa kazi ya siku mbili. Mimi nilitumia muda wa kunywa glasi ya maji. Jicho lilikuwa zima, ila televisheni ilikuwa imechoka, nuru yake hafifu. Sasa, nyuma ya jicho huwa kuna kidude kidogo, mafundi tunakiita kichujio. Kazi yake ni kuchuja: kipitishe nuru ya televisheni tu, kikatae ya taa, kikatae ya jua, kikatae ya kila kitu kingine. Nilikishika kwa koleo nikakikata. Kikaruka, kikaanguka sakafuni, nikakikanyaga. Nilisikia kikipasuka chini ya kiatu.

"Umetoa nini?" Kinyozi aliuliza.

"Aibu," nikamjibu. "Sasa haina aibu. Itaona kila kitu. Hata ukipiga ukiwa umelala, haikosi."

Nilimwonyesha. Nikaelekeza mtutu dirishani kwetu, kwenye jua. Ting. Jambazi akadondoka, mbao zikajipigilia. Nikaelekeza sakafuni. Ting. Kinyozi aliruka kama mtoto wa shule aliyeambiwa mwalimu anaumwa. Nami nikaketi nikijisikia mkubwa.

Ndipo mdogo wangu akapita na beseni la nguo. Akasimama kwenye mlango wa mbele, jua lote nyuma yake, mpaka pindo za gauni zikawa zinang'aa. Kinyozi akageuka na bunduki.

"Mikono juu, mama kijacho!"

"Nikiinua mikono, beseni utashika wewe?"

Akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Kengele ikalia. Ting. Halafu ikalia tena, polepole zaidi kidogo. Ting.

Madirisha mawili yakafunguka kwa pamoja. Katika la kwanza alikuwepo mwanamke, amechorwa kwa nukta kubwakubwa, ameshika kitu cha mviringo mbele ya tumbo. Dirisha la pili, chini yake, lilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na giza tu.

"Ona, wamekuchora!" Kinyozi alisema. "Na beseni lako!"

Tulicheka. Mdogo wangu naye alicheka, akatikisa kichwa kwa watu wazima wawili waliokosa kazi, akatoka mlango wa mbele kwenda kuanika.

Vicheko vyetu havijaisha, mlango wa jikoni ukafunguka. Aliingia yeye. Na beseni lake. Nguo bado zinachuruzika.

"Umesahau vibanio?" mumewe alimuuliza.

Alitazama mlango wa jikoni alioingilia, akatazama mlango wa mbele. Akatoka tena mbele, safari hii taratibu, mguu mmoja, halafu mwingine. Nilimwona kwa macho yangu akivuka kizingiti. Nikaona kisigino chake kikitoka.

Akaingia kwa jikoni.

"Kaka," aliniambia, "nani kaigeuza nyumba?"

Nilidhani ananitania, maana katika familia yetu utani ni urithi. Nikamwambia atoke kwa nyuma basi. Akatoka mlango wa jikoni. Akaingia mlango wa mbele, beseni mkononi, maji yakidondoka kwenye zulia. Alipofika katikati ya chumba beseni lilimponyoka. Hakuliokota. Alijishika kiuno kwa mikono miwili akainama.

"Imeanza," alisema.

Sasa sikiliza. Mwanamke wa mimba ya kwanza akisema imeanza, huwa kuna saa nyingi za kunywa chai na kutafuta khanga. Kwa mdogo wangu haikuwa hivyo. Daktari alikuwa amewaambia mapema kabisa: mtoto amekaa vibaya, kinyume, atatolewa kwa kisu. Uchungu ukianza, msikae. Mje mbio. Kila dakika ina hesabu yake. Begi lilikuwa limefungwa wiki nzima nyuma ya mlango. Jirani dereva wa teksi alikuwa ameshaambiwa. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa mlango.

Kinyozi alipiga simu. Dakika tano hazijapita, teksi ikapiga honi nje. Tuliiona dirishani, kati ya nondo: gari jeupe, mlango wa nyuma umeachwa wazi, dereva anatupungia. Hatua kumi, labda kumi na mbili.

"Nibebe," mdogo wangu alisema. "Mimi sitembei tena. Nibebe."

Mumewe akambeba. Ana mikono ya nguvu, siku nzima huinua vichwa vya watu. Alimkumbatia kifuani, akavuka kizingiti.

Nilimwona akisimama pale nje juani. Mikono yake imekunjwa kama ya mtu aliyebeba. Haikuwa na kitu.

Nyuma yangu, mlango wa jikoni ukalia.

Aliingia akitambaa.

Kinyozi alirudi ndani mbio. Alipiga magoti kando ya mkewe. Dereva alipiga honi tena.

"Vipi humo? Mnasubiri anyolewe kwanza?"

"Subiri!" nilipaza sauti. "Usiondoke!"

"Kaka," alinong'ona kutoka sakafuni. "Mle ndani kuna watu."

"Ndani wapi?"

"Nikitoka. Kabla sijaingia tena. Kuna ngazi. Kuna vyumba. Wamekaa kimya."

Nilitazama televisheni. Nilikuwa nimeisahau. Chini ya nyumba, kizee cha mkokoteni kilitokomea kuliani. Kikaingia kushotoni.

Kama mdogo wangu na milango yake.

Nilifanya ambalo fundi yeyote angefanya, nikaenda kuizima. Ila sijui nini kiliniongoza, badala ya kubonyeza swichi, nilianza na kirungu cha nuru, kile cha kuzungusha. Nikakipunguza kidogo tu, picha ikafifia.

"Nani kazima taa?" mdogo wangu alisema.

Saa tisa alasiri. Jua limejaa chumbani. Alikuwa amefumbua macho anayapeleka huku na huku kama kipofu.

"Kaka, sioni. Kaka! Wanasogea!"

Nilirudisha nuru mpaka mwisho. Akavuta pumzi. Macho yakamrudia. Kinyozi alinikaba shati.

"Usiiguse! Usiiguse tena!"

"Siigusi."

Wakati huohuo umeme ukayumba. Unajua umeme wa mitaani, mchana wa joto, kila mtu amewasha feni. Picha ikajikunja kutoka pembeni, ikawa ndogo kama kadi, halafu ikatanuka. Mdogo wangu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Feni la dari lilipunguza mwendo. Likasita. Likaendelea.

Sikuwa na muda. Ukikatika, umekatika.

Sasa nitajisifu mara moja tu, na nadhani utaniruhusu. Katika chumba kile, wenye vyeti wangezimia. Mimi nilikaa mbele ya kioo na kufikiri. Mule ndani ya gemu, nani hutoka? Aliyepigwa hatoki, anapigiliwa mbao. Asiyepigwa hatoki, anajirudisha ndani. Anayetoka ni mmoja tu. Ni yule uliyemkosa mara tatu.

Nikamweleza Kinyozi kwa kunong'ona, mkeo tunamkosa mara tatu, anaruka dirishani, kwisha. Alinyakua bunduki kabla sijamaliza. Nikamdaka mkono.

"Haikosi," nilimwambia.

"Nini?"

"Nimeikata kichujio. Haikosi tena. Ukibonyeza akiwa dirishani, popote utakapoelekeza, atapigwa. Watampigilia."

Alinitazama. Alinitazama kwa muda ambao hata leo tukikaa mezani naukumbuka.

"Basi ifanye ikose, Profesa," alisema. "Ifanye ikose."

Kichujio kilikuwa vumbi kwenye zulia. Begini sikuwa na kingine. Vitu vile havitengenezwi tena. Lililobaki ni kulipofua jicho. Nikaziba mtutu kwa kidole gumba. Dirisha likafunguka, jambazi wa kofia, nikabonyeza. Ting. Gumba langu lilikuwa jekundu kama kaa. Nuru ilikuwa inapita katikati ya nyama. Nikaufunika kwa mto wa kochi. Jambazi mwingine. Ting. Mbao zikajipigilia. Utepe mweusi wa kufungia waya? Nilikuwa nimeumaliza siku mbili kabla, kwenye redio ya mchungaji.

Yakabaki madirisha matano.

Ndipo akatokea yeye. Dirisha la juu. Mwanamke wa nukta, mikono tumboni, hana beseni tena. Alisimama pale. Nilishusha bunduki. Akajirudisha ndani. Sakafuni, mdogo wangu aling'ata ncha ya zulia.

Nilivua kiatu. Usicheke. Kiatu cha ngozi, cheusi, cha kufunga kamba, na humo ndani nikaacha soksi. Nikatumbukiza mtutu mpaka kwenye vidole, nikakaza kamba mpaka plastiki ikalia. Nikakishika mapajani, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mguu mmoja mtupu, anamlenga jambazi kwa kiatu. Akatokea. Nikabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Kimya. Halafu mlio mzito wa kukosa, buu.

Sijawahi kufurahia kukosa kitu maishani kama siku ile. Nikamwacha jambazi ajirudishe.

"Mpeleke mlangoni," nilimwambia Kinyozi. "Msimamishe kwenye kizingiti kabisa."

Alimvuta kwapani. Honi nje. Umeme ukayumba tena, picha ikajikunja, na safari hii ilichelewa kutanuka.

Dirisha la juu likafunguka. Yeye.

Nikabonyeza.

Buu.

Katika weusi ule mfupi kioo kilinirudishia chumba chetu: kochi, feni, mimi na kiatu.

Buu.

Chumba tena. Safari hii kochi lilikuwa limejaa watu. Wamekaa kimya. Sikugeuka. Ukiniuliza kwa nini sikugeuka, nitakuuliza wewe ungegeuka?

Buu.

Mwanamke wa nukta akapanda dirishani, akaruka, akakimbia kuliani. Muziki ukanicheka. Hakurudi kushotoni.

"Ametoka!" Kinyozi alipiga kelele. "Shemeji, mguu umetoka! Kichwa kime..."



Niligeuza shingo. Mdogo wangu alikuwa nje. Mikono yake, kichwa, mabega, miguu yote miwili, juani. Lakini alikuwa amepinda nyuma kama upinde. Tumbo lilikuwa limebaki kizingitini. Hakikuonekana kitu kilichomshika. Gauni lilikuwa limebanwa bapa hewani, kama mtu anayesukumwa kwenye ukuta wa kioo.

"Amebaki," alinong'ona. "Kaka. Amebaki."

Kengele mbili. Nilikuwa nimesahau kengele mbili.

Nikarudi kwenye kioo. Dirisha la pili, la giza. Lilikuwa limefungwa. Likafunguka la jambazi. Likafungwa. La jambazi tena. Feni lilikuwa linazunguka polepole sana, ningeweza kuhesabu mapanga yake. Nje dereva alikuwa ameshuka, nasikia viatu vyake, nasikia akisema, "Jamani, huyu ana nini?"

Giza likafunguka.

Hamkuwa na mtu. Weusi tu, na katika weusi, nukta mbili tatu zikisogea chini kabisa, kama kitu ambacho hakijafikia kimo cha dirisha.

Buu.

Katika kioo, kochi lilikuwa tupu. Wote walikuwa wamesimama. Nyuma yangu.

Buu.

Picha ikajikunja. Ikawa kadi. Ikawa kidole. Nilimsikia mdogo wangu akipiga ukelele, ukelele mrefu wa jina langu, lile la utotoni ambalo hakuna mwingine analijua. Nikabonyeza mara ya tatu, na wakati nabonyeza, niligeuka kumtazama.

Buu.

Alianguka nje kama mlango ulioachiwa. Kinyozi akamdaka, dereva akashika miguu, na kabla vumbi halijatua gari lilikuwa limekata kona na mlango wake mmoja ukipigapiga.

Nilipogeukia kioo, dirisha lilikuwa wazi na tupu. Kuna kilichotoka. Mimi sikukiona. Nilikuwa natazama kwingine.

Umeme ukakatika.

Sikukaa mle ndani hata kuchukua bisibisi. Nilitoka mlango wa mbele na nikabaki mbele. Nilishika ukuta wa nje kwa mikono miwili, mguu mmoja mtupu kwenye mchanga wa moto, nikalia kama mtoto. Hilo huwa siwaambii watu wa kijiweni.

Alipasuliwa saa kumi na moja na robo. Msichana. Alilia papo hapo, tena kwa nguvu, wauguzi wakacheka. Daktari alisema wangechelewa nusu saa tungezungumza mengine. Nilimpakata jioni ile. Vidole vyote, kucha zote, mdomo wa baba yake, kichwa kimepinda kama changu. Mzima. Mama mzima. Ningeweza kukuachia hapo, na ungekwenda kulala vizuri.

Ile gemu tuliichoma, bunduki na kiatu na kaseti. Televisheni nikaichukua mimi, kwa sababu fundi hachomi televisheni. Ikakaa karakana mwezi mzima, haijawahi kuchomekwa. Siku moja, mchana, nikaifungua nitoe nyaya za shaba. Nikaigeuza kioo juu, nikaona kimechafuka katikati. Nikakifuta kwa kitambaa. Hakikutoka. Nikatia mate. Hakikutoka.

Nikachukua tochi nikasogea.

Sasa, ile tyubu ya kioo, kiwandani huvutwa hewa yote ikazibwa. Hamna hewa humo. Hapenyi sisimizi, halipenyi vumbi. Uchafu ule ulikuwa upande wa ndani.

Kilikuwa kiganja. Vidole vitano vimetandazwa. Kidogo, kama cha mtoto wa siku moja.

Kuivunja siwezi. Tyubu ikivunjwa hujifyonza yenyewe kwa kishindo, vipande vyote vinakwenda ndani. Fundi yeyote anajua. Kwa hiyo nikaigeuza ikatazama ukuta, nikaifunika gunia. Kila mwaka huwa nafunua mara moja nitazame. Kila mwaka kiganja ni kikubwa kuliko mwaka uliopita.

Mpwa wangu sasa ana miaka saba. Mtoto mwema, mchangamfu, maswali kama polisi. Mwezi uliopita mama yake alimleta karakana, akatuacha, mimi nikainamia redio ya mtu. Niliponyanyua kichwa, gunia lilikuwa chini. Alikuwa ameigeuza mwenyewe, sijui kwa nguvu gani. Alikuwa ameweka kiganja chake kwenye kioo, juu ya kile kingine. Kidole kwa kidole. Hakuna kilichozidi.

"Toa mkono," nilimwambia.

"Mjomba, mbona wa baridi hivi?"

"Toa mkono, mwanangu. Taratibu."

Alitoa. Akaufuta kwenye gauni, akaenda zake nje kucheza.

Nilisogea na tochi. Alama ilikuwa palepale, ndani ya kioo. Ila vidole havikuwa vimetandazwa tena. Vilikuwa vimekunjwa, kama vya anayeshika mkono.